Kulabu Mia na Moja

Historia ya Bunge hili wataiandika wengine,
kwa tarehe, miswada, na picha za watu wanaopeana mikono.
Mimi Hilja Kaarmann, mtunza makoti wa Toompea,
nilikuwa na kulabu mia na moja na vibati vyake vya namba,
na niliyoyaona niliyaona kutoka upande wa mgongo.

Aprili ile walikuja na makoti mepesi, yananukia duka.
Walinisalimu wote, wengine mara mbili.
Kijana wa kulabu ya tisa, Taavet Roosimaa,
aliniuliza chai inapatikana wapi.
Nilipomwelekeza akaandika daftarini
kana kwamba nimetunga sheria.

Kisha theluji.
Theluji haina chama.
Ya serikali na ya upinzani iliyeyukia sakafuni kwangu,
dimbwi moja,
nikalipiga deki.

Usiku wa bajeti walitoka saa kumi alfajiri,
macho mekundu, vifungo vimekosana na matundu yake.
Wamewaongezea wastaafu senti kadhaa, nikasikia.
Nami nilikuwa nastaafu karibuni. Sikusema kitu.
Tanel Kuuseoks akavaa koti la hasimu wake akaenda nalo nyumbani,
na hasimu, kwa ile baridi, angefanyaje?
Akavaa la Tanel.
Kesho yake walibadilishana mbele yangu kimya kimya,
kama majirani waliofumaniwa wakiibiana kuku.

Mwaka wa pili, Februari, serikali ilianguka.
Niliijua kabla ya redio:
saa tano asubuhi mawaziri watatu wakaja kuchukua makoti
na hakuna aliyekuwa na haraka.
Mtu aliyeangushwa hafungi skafu vizuri.

Majuma mawili ya kubembelezana, milango imefungwa,
kisha wakarudi wale wale.
Vaike Pihlapuu alikuwa amehama chama
akaomba na kulabu yake ihamishwe upande wa pili.
Nikamwambia, namba ni ya kiti, mama, si ya moyo.
Akacheka.
Halafu akaacha kucheka.

Arobaini na saba alikuwa Arvi Luigas wa kisiwani Saaremaa.
Miaka miwili na nusu alisimama kusema mara moja tu,
kuhusu kivuko: kwamba kinachelewa,
kwamba mama wajawazito wanakisubiri kwenye upepo.
Dakika nne. Ukumbi ulikuwa nusu, nusu hiyo ikila.
Kila Novemba aliniletea samaki wa moshi
amefungwa ndani ya gazeti lenye picha ya Waziri Mkuu.
Alifariki Jumapili. Jumatano akaja mbadala wake na jaketi la njano.
Kulabuni palikuwa na skafu ya marehemu, ya sufu, ya kijivu;
niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu.
Kibati chake hakikuonekana.
Yule wa njano nikamkatia cha kadibodi.

Mwaka wa mwisho walipita kwenye kaunta wakiongea na simu zao.
Salamu zilirudi Januari,
siku moja na mabango.

Spika aligonga nyundo, wakakumbatiana, wakaondoka.
Nikahesabu masalia ya muhula:
miamvuli kumi na mmoja,
glovu ya kushoto,
hotuba mfukoni mwa koti ambalo mwenyewe hakulirudia,
ukurasa wa kwanza umekunjwa na kukunjuliwa hadi umechanika.
Sikuisoma. Naam, niliisoma.
Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia kupitia ukutani.

Siku ya kuhesabu kura, mji mzima ukitazama namba,
mwanamke mmoja alipanda mlima kwa miguu.
Viatu vimelowa. Akaomba radhi:
alikusudia kufika asubuhi,
kivuko kimechelewa saa tatu.

Nilimpa skafu. Hakuinusa, hakulia;
aliikunja mara nne, kama mtu anayejua ukubwa wa begi lake.
Kisha akafungua pochi,
akaweka kibati cha arobaini na saba juu ya kaunta,
akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja,
akasubiri nikipokee.